Matabishi ya Unga

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na asubuhi ile zilikuwa karibu kuliko kawaida. Nilikuwa na somo moja tu la kuonyesha kwamba mimi ni mwalimu, na mbabula, jiko letu la makaa, ilikuwa inakataa kuwaka. Nilipiga magoti nje ya darasa la saba la shule moja ya Nchelenge, upande wa Zambia, nikapunga mfuniko wa sufuria mpaka bega likaniuma, huku watoto wamenizunguka na kunipa ushauri kwa Kibemba, kwa Kiswahili chetu cha Kongo na kwa Kiingereza cha shule. Kila mmoja alijua kuwasha mbabula kuliko mimi. Niliwaambia wakaketi, hakuna aliyekwenda, na mwishowe makaa yaliposhika moto walipiga makofi kana kwamba nimefunga bao.

Niliwahi kuwa mwalimu. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, nilifundisha hesabu darasa la sita kwa miaka kadhaa, nikajulikana mtaani kwa sauti kubwa na kwa kuipenda kazi kupita kiasi. Kisha mapigano yakafika kwetu. Tukapanda mitumbwi, nikapita Kenani, kambi ya wakimbizi, kama wengine, mpaka mdogo wake mama, ambaye alikuwa ameolewa Nchelenge tangu zamani, alipokuja kunichukua nikakae kwake. Mama mdogo anakaanga mikate, yale maandazi yetu ya mviringo, na kuyauza karibu na mahali boti za kisiwa cha Kilwa, humo ziwani, zinaposhushia samaki. Akanipa beseni nami niuze. Niliuza vibaya. Mteja akiniuliza kama mikate ni ya leo, nilimjibu kwa ukali wa mwalimu aliyeulizwa kitu ambacho kiko ubaoni.

Basi niliposikia kwamba shule ile haina mtu wa hesabu darasa la saba, nilivaa blauzi yangu nzuri nikaenda kumwona mwalimu mkuu. Alikuwa mtu wa pale pale kando ya ziwa, mnene, wa polepole, anayekusikiliza mpaka mwisho hata ukajuta kwa nini umesema mengi. Kiswahili alikijua cha kununulia samaki tu. Tulielewana kwa Kibemba changu kibovu na Kiingereza changu kibovu zaidi. Hakunifukuza. Alisema darasa limekwama kwenye uwiano, akanipa dakika chache nijaribu siku hiyo hiyo.

Zile dakika chache zilikuwa aibu tupu. Nilichora ubaoni mawe matatu meusi na jiwe moja jeupe. Nikauliza: kama kila mawe meusi matatu yana jeupe moja, meusi yakiwa sita, meupe yatakuwa mangapi? Karibu darasa zima likajibu kwa sauti ya furaha: manne. Nilidhani ni lugha, nikauliza tena kwa vidole. Manne. Nikamgeukia msichana mmoja aliyekaa mbele kabisa, mwenye macho ya ubishi, nikamuuliza manne yametoka wapi. Akanieleza bila haraka, kama anayemweleza mgeni njia, kwamba meusi yameongezewa matatu, kwa hiyo na jeupe liongezewe matatu. Ndiyo haki. Utampaje mmoja na kumnyima mwenzake?

Nilipandisha sauti. Nikaandika ile kanuni kama tulivyoifundisha Kongo, kwa Kifaransa, kwa mishale inayopishana, chaki ikakatika mara mbili. Darasa likanitazama kwa huruma. Msichana wa mbele alinitazama kwa huruma kuliko wote.

Mwalimu mkuu alinisindikiza mpaka njiani. Alisema hana shaka kwamba hesabu naijua. Shaka yake ilikuwa kama naweza kuitoa kichwani mwangu na kuitia katika vichwa vya watoto ambao sina lugha moja nao. Angenipa somo moja kamili, vipindi viwili mfululizo, yeye akiwa ameketi nyuma. Mwishoni angemchagua mtoto yeyote amtakaye, na mtoto huyo amweleze uwiano ni nini, kwa Kibemba, kwa maneno yake mwenyewe. Akieleza, darasa ni langu. Akishindwa, nirudi kwenye mikate, na tusisalimiane kwa kinyongo.

Nilifika nyumbani nimefura. Mama mdogo alikuwa uani anapima unga wa chakula cha jioni, nami nikamwaga yote: mawe, manne, haki, chaki. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Unabakalipia batoto juu ya majiwe," alisema. "Batoto habakulake majiwe."

Nilikuwa na jibu kali mdomoni, kwamba mawe yangu hayakuwa ya kuliwa, lakini mikono yake ikanikatiza. Huku kwetu kando ya ziwa Mweru, upande huu na ule, watu wanapenda bukari, ugali wetu, wa muhogo, na wengi huchanganya unga wa muhogo na wa mahindi. Kila nyumba ina mchanganyiko wake, na kila nyumba inawahurumia majirani. Siku za kawaida mama mdogo hupima kwa kikombe. Jioni ile kulikuwa na wageni, akapima kwa bakuli. Bukari ukatoka ule ule, mtu angeonja huku amefumba macho angejua yuko nyumba gani. Nilikuwa nimeyaona hayo maisha yangu yote bila kuyaona. Nikaanza kucheka peke yangu, wageni wakatazamana, na kabla hatujanawa mikono nilikuwa nimekwisha kumwomba sufuria tatu na unga wa aina zote mbili vya kwenda navyo shuleni. Alikubali, kwa sharti sufuria zirudi bila masizi.

Ndivyo nilivyojikuta nimepiga magoti mbele ya mbabula. Ya pili iliwaka yenyewe kwa kuona haya. Tukateleka maji, tukaingia darasani, na mwalimu mkuu akaketi nyuma kwenye kiti kilichomlalamikia.

Swali langu la kwanza lilikuwa dogo. Kwenu mnachanganyaje unga wa bukari? Nilitarajia majibu mawili matatu. Nilipata vita. Watoto wa pale walisema muhogo mtupu, mahindi ni ya watu wa mjini wenye meno mabovu. Mmoja ambaye baba yake alikuwa amefanya kazi migodini akasema kwao ni mahindi matupu, akazomewa hadi akaketi. Mkongo mwenzangu mmoja akasema nusu kwa nusu, wakamuuliza kama huo ni bukari au uji wa mgonjwa. Kelele zilipofika paani, sauti nene ikatoka nyuma: kwangu ni muhogo tatu, mahindi moja, na ndio nimekuzwa nao. Mwalimu mkuu alikuwa ameahidi kukaa kimya. Nikaona mlango, nikaingia. Nikasema leo tutapika bukari wa mwalimu mkuu, maana nani anachukia chakula cha kwao. Sikufikiri kwamba nilikuwa nimejipa hakimu ambaye vidole vyake vinaujua ule mchanganyiko tangu utoto.

Niliandika ubaoni tatu, nukta mbili, moja. Nikawaambia namba hizi hazina kikombe ndani yake, wala hazina bakuli. Pima kwa kopo, pima kwa bakuli, pima kwa mtumbwi ukitaka. Mradi chombo kiwe kimoja kwa muhogo na kwa mahindi, bukari utakuwa ule ule. Mtoto mmoja akawatafsiria wenzake kwa Kibemba, na alipofika kwenye mtumbwi darasa likaanguka kicheko. Wakataka kujua mwiko wake ungekuwa na urefu gani.

Nikawagawa makundi mawili. Kundi la kwanza nikalipa kopo dogo la nyanya, lile linaloingia kwenye kiganja. Msichana wa mbele akawa mkubwa wao bila kuteuliwa na mtu. Kundi la pili nikalipa bakuli kubwa la plastiki na sufuria kubwa. Wapime muhogo mara tatu, mahindi mara moja, wachanganye kwenye beseni, kisha tutoke nje kwenye moto. Walipima kwa heshima, kama mtu anayempimia mgeni, na nilikuwa nimejaa furaha kiasi kwamba niliangalia nyuso zao kuliko mikono yao.

Sitaki kuwadanganya kwamba lilikuwa somo la utulivu. Unga ulipanda hewani, ukawakalia kwenye nyusi, wakawa wazee wote kwa pamoja. Wawili waliishika sufuria kubwa kwa vitambaa, wa tatu akasonga kwa mwiko huku wengine wakimhesabia kwa wimbo walioutunga papo hapo, wenye namba tatu na moja na jina la utani la mwalimu mkuu, ambalo sikulijua na ambalo yeye alijifanya halijui. Kiti chake kilikuwa kimesogea. Mwanzo kilikuwa nyuma ya darasa, kisha mlangoni, sasa kilikuwa kwenye moshi pamoja nasi.

Jaribio la mwisho walilibuni wenyewe. Bukari wenye muhogo mwingi huvutika, wenye mahindi mengi hukatika, hilo hata mtoto wa kunyonya analijua huku. Basi wawili wakachukua donge kutoka sufuria kubwa, kila mmoja akashika upande wake, wakavuta wakirudi nyuma. Donge likavutika, likavutika, likalegea katikati kama kamba ya nguo, na shangwe ikawatoa watu wa darasa la pili nje. Kisha wakachukua donge la sufuria ndogo. Wakavuta. Likakatika hapo hapo, kila mtu akabaki na kipande chake mkononi.

Walijaribu tena. Likakatika tena.

Mwalimu mkuu akanawa mikono. Akamega wa sufuria kubwa, akatafuna, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akamega wa sufuria ndogo, akatafuna muda mrefu zaidi, akanitazama kwa upole uliokuwa mbaya kuliko makaripio. Huu, alisema kwa Kibemba, ni wa nyumba nyingine.

Nilihisi moto wa mbabula umehamia usoni. Mbele ya watu wote nilikuwa nimesema chombo chochote, bukari ule ule, na maneno yangu yalikuwa yamekatikia mikononi mwa watoto. Nililiona beseni la mikate. Niliwaona wateja wa asubuhi wakiibonyeza kwa vidole. Nikaligeukia kundi la kopo nikiwa na hasira zangu zote, nikawaambia wamehesabu vibaya, nani alihesabu, nani alikuwa anacheka badala ya kuhesabu. Wakaapa. Muhogo makopo matatu, mahindi kopo moja, darasa zima lilishuhudia. Msichana wa mbele hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Madamu, tulipima muzuri, tatu na moja," alisema. "Kisha tukatia matabishi. Kila bunga na matabishi yake."

Hapa inabidi nieleze kwa aliyekulia mahali pengine. Matabishi ndiyo ile nyongeza ambayo muuzaji humtilia mteja juu ya kipimo, na Wazambia huiita mbasela. Mama anayepima unga akishajaza chombo chake, huchota mkono mmoja na kukutilia juu bila kuombwa. Asipofanya hivyo atasemwa soko zima mpaka kwao alikozaliwa. Watoto hawa walikuwa wamelelewa miguuni pa wauza unga na wauza samaki. Walipomaliza kupima muhogo wakautilia mkono mmoja. Walipomaliza kupima mahindi wakayatilia mkono mmoja. Kuacha kungekuwa ukosefu wa adabu, tena mbele ya mwalimu mkuu.

Niliwauliza wa bakuli kama nao walitia. Walinishangaa. Bila shaka walitia.

Basi nikachukua kopo tupu. Nikamwambia yule msichana achote mkono mmoja wa unga, ule ule wa matabishi, autie ndani. Kopo likajaa mpaka mdomoni. Nikachukua bakuli tupu, akachota mkono mwingine, akautia. Unga ukalala chini, haukufunika hata sakafu ya bakuli. Kisha wote wakasema kwa pamoja, na sikuelewa hata neno moja, na nilielewa kila kitu.

Walikimbilia ndani wakanivamia ubaoni. Kwa kopo, muhogo tatu umepata moja, umekuwa nne. Mahindi moja yamepata moja, yamekuwa mbili. Nne kwa mbili. Mtoto wa nusu kwa nusu ndiye aliyeona kwamba nne kwa mbili ni sawa na mbili kwa moja, akapiga meza. Hiyo si nyumba ya mwalimu mkuu, hiyo kweli ni nyumba nyingine. Mahindi yamekuwa mara mbili ya yalivyokuwa na muhogo umepewa kidogo tu, ingawa mkono uliotoa ni mmoja. Na kwenye bakuli mkono ule ule haukuweza kuharibu kitu, kwa sababu mbele ya bakuli ni vumbi.

Hapo ndipo nilipokumbuka mawe. Manne. Walikuwa wameyapa mawe meusi matatu, wakaona jiwe jeupe limesimama pale linatazama, wakalitilia na lenyewe matabishi sawasawa. Siku ile nilikuwa nimewakaripia watoto kwa sababu ya tabia njema. Nilianza kucheka, nikashindwa kusimama, nikaketi juu ya gunia la makaa pale mlangoni kwa blauzi yangu nzuri. Watoto wakacheka kwa kuniona nacheka. Sijui mwalimu mkuu alikuwa anacheka nini, lakini kiti kilikuwa kinalia.

Nilipopata pumzi nikasema, basi, tupime upya bila matabishi. Nikajaza kopo, nikachukua rula, nikalikata juu likawa bapa. Darasa likaguna kwa uchungu. Nikampa kijana mmoja kopo na rula afanye la pili, akaficha mikono nyuma. Nikamgeukia mwalimu mkuu aniunge mkono. Akatazama pembeni, akasema kwa Kibemba kwamba yeye hajawahi kupimiwa hivyo katika maisha yake, na mwenye kumpimia hivyo asingemwona tena dukani kwake.

Nilikuwa nimeshindwa, na nilikuwa na furaha isiyo na sababu. Nikatupa rula. Nikawaambia vizuri, matabishi yabaki. Lakini bukari utoke wa mwalimu mkuu, na nyinyi ndio mtakaoniambia tutafanyaje.

Wakabishana kwa muda ambao mwalimu mwenye akili asingeuruhusu. Mmoja akataka muhogo upewe na mahindi yanyimwe, akazomewa. Mwingine akataka tupike kwa mabakuli tu maisha yetu yote. Kisha yule kijana aliyeficha mikono akasema polepole kwamba labda tunakosea anayepewa. Tunaupa unga. Tungeyapa makopo. Kila kopo lipate mkono wake: muhogo makopo matatu, mikono mitatu, mahindi kopo moja, mkono mmoja.

Niliuliza tu, bila kuwasaidia: na mkono mmoja ni sawa na nini? Kopo moja, wakajibu. Basi ndani ya beseni kutakuwa na nini? Niliona midomo ikihesabu. Muhogo sita. Mahindi mawili. Yule msichana wa mbele alikuwa amenyamaza, na uso wake ulikuwa na kazi nyingi. Akanyanyua kidole akiwa amekwisha kusimama.

"Madamu," alisema, "ile majiwe nyeupe ilikuwa mbili."

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Najua nilimkumbatia akawa mweupe kwa unga wangu, na kwamba kuna mtu aliimba. Najua tulipika sufuria ya tatu kwa kopo dogo, kila kopo na mkono wake, na wawili wakachukua donge wakarudi nyuma, na wakarudi nyuma, na donge likawafuata mpaka mmoja akagota ukutani. Mwalimu mkuu akanawa tena. Alimega, akafumba macho, na hakusema ni wa nyumba gani. Alimega tena.

Kisha akakumbuka kazi iliyomleta. Akasimama. Mikono yote ilikuwa juu, hata ya wale ambao nilijua wamekuja kwa ajili ya kula. Akaipita yote. Akamchagua yule msichana wa mbele, ambaye mkono wake haukuwa juu kwa sababu ulikuwa kwenye sufuria. Alimkumbuka kutoka siku ya mawe. Alikuwa anachagua mfupa mgumu makusudi.

Msichana akameza, akasimama, akaanza kwa Kibemba. Nilielewa nusu, na nusu nyingine niliisoma usoni mwa wenzake. Alianza kwa kusema kwamba hakukosea kuhusu haki. Mtu akiongeza lazima aongeze pande zote. Ila alikuwa anafikiri haki ni kuwapa wawili sawa, kumbe ni kumpa kila mmoja kwa jinsi alivyo: kwa kila moja la huku, tatu za kule, ukiongeza na ukipunguza, leo na kesho. Ukifanya hivyo unaweza kupika kwa ajili ya mtu mmoja au ya msiba mzima, na wote watajua wamekula kwa nani.

Mwalimu mkuu hakumwachilia. Msiba mzima, alisema, muhogo mabakuli kumi na mawili. Mahindi? Manne, akajibu, na safari hii yalikuwa manne ya haki. Na matabishi? Mikono kumi na miwili huku, minne kule. Na kama mkono ni wangu, akasema mwalimu mkuu, akaunyanyua mkono wake mkubwa kama sahani ili wote wauone? Msichana akautazama kwa makini. Hakuna neno, akajibu, mradi uwe wa kwako huku na huku. Usianze wewe nikamaliza mimi.

Darasa lilipiga kelele kiasi kwamba nadhani boti za mbali kule Chienge zilizisikia.

Baada ya hapo hakukuwa na somo tena. Watu walitoa chisense, dagaa wa ziwani, wa kukaangwa kutoka mahali nisipopajua, na sufuria tatu zikazungukwa. Mwalimu mkuu alisimama kando yangu tukiwatazama. Hakusema kitu kuhusu darasa. Aliniuliza, kwa Kibemba cha polepole ili nimsikie, kuhusu wale watoto niliokuwa nawafundisha ng'ambo. Wako wapi?

Tangu nivuke hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo. Watu huuliza ndugu, nyumba, mali. Nilitafuta Kibemba chake nikakikosa, nikamjibu kwa Kiswahili, ingawa hangeelewa.

"Bamoja niliona nabo Kenani. Bengine, sijue kwenye beko."

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa namna yake ile. Mbele yetu darasa la saba lilikuwa linagombania ukoko, weupe kwa unga kuanzia nywele mpaka magoti, na yule msichana alikuwa anawagawia kwa kipimo alichokijua yeye. Mwalimu mkuu akawaonyesha kwa kidevu. Akakusanya Kiswahili chake chote cha kununulia samaki.

"Hawa iko hapa," aliniambia. "Jumatatu, saa moja."

Nilimjibu ndiyo kwa Kiswahili, kisha kwa Kibemba, kisha kwa Kiingereza, kisha kwa Kifaransa, nikiogopa moja isije ikampita bila kuisikia.